Mize, Mtandao Umetengemaa

Mize, mwenzangu,

Sikuulizi hali. Hali yako anaijua Aliyekuchukua, na kila nikimaliza kusali namwomba akufanyie wepesi kama wewe ulivyokuwa mwepesi kwa watu. Nakuandikia kwa sababu nimezoea. Kila jambo likitokea katika ua huu nilikuwa nakwambia wewe kwanza, hata kabla sijajua mwenyewe nimelionaje. Na limetokea jambo. Nimetengeneza rauta.

Najua unacheka. Mimi Raya, niliyekuwa naogopa hata kuugusa ule waya wake, nimeitengeneza kwa mikono yangu bila ya fundi. Lakini si hilo tu ninalotaka kukwambia, na nikianzia mwisho utanikata kauli kama kawaida yako, kwa hivyo niache niende taratibu.

Tangu ulipoondoka, ua umekuwa mkubwa. Ni uleule wetu wa Gando, nyumba yangu upande huu na yako upande ule, jiko lako la makuti pembeni, na bomba katikati, lile tuliloligombania miaka chungu nzima nani aanze kujaza ndoo. Sasa naanza mimi na namaliza mimi. Nikipika wali unabaki. Nikipunguza mchele unaungua, maana mkono wangu haujui kumpikia mtu mmoja. Jioni nakaa barazani na sina wa kumsema wala wa kunisema. Nina upweke, Mize. Nakwambia waziwazi kwa kuwa huna tena wa kwenda kumhadithia.

Watu wa hapa unawajua. Walitushangaa tulipokuwa wawili, wakaona wake wenza wanaopendana lazima mmoja kamroga mwenzake. Siku ya maziko yako nililia mpaka nikashikwa, nikamsikia mmoja nyuma yangu akinong'ona, "Mke mwenza ndiye aliaye vino?" Nilitaka kugeuka nimjibu, lakini ningemjibu nini? Kwamba mume wetu alipokufa tulikaa eda wote wawili chumbani kwako, miezi yote ile hatutoki nje, tunakula sahani moja, wewe ukinisuka nywele na mimi nikikusomea? Mwanamke uliyekaa naye eda ya mume mmoja humwiti tena mke mwenza. Sijui unamwita nani. Nimetafuta jina lake sijalipata.

Sasa nije kwa Khalfan, maana hapo ndipo penye maneno.

Unakumbuka ilivyokuwa. Mwanao alikuwa akipiga simu ya video kutoka Maskati kila Ijumaa akitoka msikitini, na siku nyengine hata katikati ya wiki. Wewe ulikuwa humalizi salamu. Unamuuliza kala nini, halafu unanitupia simu mimi unakwenda zako jikoni. Mimi ndiye nikibaki naye hapa barazani, simu nimeiegemeza kwenye mtungi. "Haya, Mama Mkubwa, nambie ya kuno." Nikamwambia nani kaoa, nani kaachwa, nani kaanguka mkarafuu na ulimi wake haukuvunjika, bado anasema watu. Akicheka, nasahau kama hayupo. Sikumzaa. Sikujaaliwa kumzaa yeyote, na hilo wewe hukunitajia hata siku moja, hata siku tulizogombana vibaya. Lakini yeye alinipa jina la mama tangu hajui kutembea vizuri, na mimi nikalipokea.

Tulikuzika alasiri ya siku ileile uliyofariki. Yeye hakuwahi. Mwanzo alipiga simu kila siku. Halafu, baada ya arubaini yako, mtandao ukaanza kuharibika. Nampokea, uso wake unaganda mdomo wazi, sauti inakuja vipande vipande, kisha kile kiduara kinazunguka, kinazunguka. "Mama Mkubwa, mtandao mbovu, ntapiga." Anakata. Hapigi. Ijumaa nyengine vilevile. Kisha ikapita Ijumaa nzima bila ya simu, nami nimekaa na ushungi wangu wa kutokea, nimeuegemeza uso wangu pale kwenye mtungi badala ya simu.

Hapo nikaanza kuogopa. Mama yake hayupo, baba yake hayupo. Aliyebaki huku ni mke wa baba yake, na mke wa baba ni nani? Kijana yuko mbali, ana kazi inayomchosha, kesho atataka kuoa. Atahangaika mpaka lini na simu inayokatika kwa ajili ya mke wa baba? Nikajiambia kwamba nikiuacha mtandao ukae hivi nitampoteza Khalfan kidogo kidogo, kwa upole, bila ya mtu kukosa adabu. Siku moja nitamuuliza mtu wa kutoka Maskati habari zake, kama ninavyouliza za watoto wa wengine. Nikasema hapana. Mtandao huu nitautengeneza hata kama sijui unavyokaa.

Nikaanza na dawa yako. "Izime, msalie Mtume, kisha iwashe." Lakini rauta ilikuwa dirishani chumbani kwako, na mimi chumbani kwako nilikuwa siingii. Nafagia ukumbi wako kila asubuhi, nafika kwenye kizingiti cha chumba, nageuza fagio. Basi nikaenda kuzima swichi kubwa ya nyumba nzima. Nikamsalia Mtume kwa utulivu kabisa, nikawasha. Friji lako likashtuka likaanza kutetemeka. Mtandao ukabaki vilevile.

Nikamuuliza Bi Chumu, mtoto wa mama yako mdogo. Akasema ni mambo ya uchaguzi. Unamjua, kwake yeye kila kinachoharibika Pemba, kuanzia bomba la maji mpaka bei ya karafuu, ni mambo ya uchaguzi. Nikamwambia uchaguzi umeshapita. Akasema, "Basi kunakuja mwengine." Kisha akabadilisha, akadai watoto wa jirani wanauvuta mtandao wetu kupitia ukutani, ndiyo maana haututoshi. Nikavaa nikaenda kuwagombeza. Kumbe simu yao imevunjika kioo tangu mwezi wa Ramadhani. Nilirudi na aibu, na bakuli la uji walilonipa.

Nikaona bora nipige simu kwa kampuni yenyewe. Walinipigia muziki mpaka nikakaribia kuukariri, kisha akapokea binti mmoja, kwa lafudhi mtu wa bara, mpole. Nikamweleza kama mtu anavyomweleza daktari. Akaniambia nisubiri, akaangalia, akasema, "Bando lako lipo mama, limelipwa juzi."

Juzi, Mize. Mimi sikulilipa, bila shaka ni Khalfan. Sikujua nifurahi au nihuzunike, kwa sababu mtu anaweza kukulipia bando na asitake kukuona.

Akaniuliza, "Taa za rauta zina rangi gani?" Nikamwambia sijaziona. "Ipo wapi?" Dirishani. "Basi naomba usogee ilipo, tuangalie pamoja." Nikatazama ng'ambo ya ua, kwenye mlango wako. Alidhani simu imekatika, akaniita, "Mama? Mama?" Kazi ndogo aliyonipa ndiyo iliyokuwa ikinishinda. Nikavuka ua, nikavuka ukumbi, nikakanyaga kizingiti.

Chumba chako kilikuwa kinanuka ile sabuni ya mche uliyokuwa ukiipanga baina ya nguo. Kitanda kimekunjwa godoro. Jamvi limesimamishwa ukutani. Sikutazama zaidi ya hapo, nilikwenda moja kwa moja dirishani nikafunua pazia, na dirishani hapana kitu. Nikasema, "Imeibiwa." Binti akasema, "Mama, ingeibiwa tusingeiona hewani. Fuata waya."

Nikaufuata. Ulitoka kwenye soketi, ukapita nyuma ya kitanda, ukapanda, ukaingia kwenye mlango wa kabati lako la vyombo. Nikafungua. Rauta imelazwa juu ya masinia ya shughuli, imefunikwa kanga yako ya rangi ya zabibu, taa zake zinamulika ndani ya kitambaa. "Nimeipata," nikamwambia, "imo kabatini." Akauliza, "Kabati la mbao?" Nikasema la chuma. Na imezungukwa na masinia. Nahisi aliizuia simu asinichekee sikioni.

Aliyeiweka humo alikuwa Bi Chumu. Siku ya arubaini, walipokuwa wakiosha masinia na kuyarejesha, aliona kitu kina taa na watoto wa wageni wanakibonyeza. "Nikakisitiri," aliniambia, wala hakuona kosa, na mimi sikuliona. Si ndivyo tulivyo? Mtu akifa, wanawake wanakunja, wanafunika, wanatia kabatini, mpaka nyumba isibakie na kitu kinachong'ara. Kasitiri mpaka mtandao.

Binti akanifundisha. Chuma kinaizuia rauta isiuone mnara, na kinauzuia mtandao usitoke kuja kwangu. Nikaitoa, nikairejesha dirishani, nikaigeuza kidogo huku na kidogo kule mpaka taa ya mnara ikakaa kijani na isipepese. Pazia nililifunga fundo. Kisha akanielekeza pa kubonyeza kwenye simu kupima spidi. Kuna mshale unapanda kama wa mizani. Nilipima chumbani kwako, nikapima ukumbini, nikapima barazani kwangu, nikapima mpaka bombani na ndoo kichwani. Kote unapanda. Nikamshukuru binti yule nikamwombea mume mwema. Akasema tayari anaye. Nikamwambia basi azidi kuwa mwema.

Siku zile mpaka Ijumaa zilikuwa refu. Nilivaa ule ushungi mweupe, nikakaa mapema. Akapiga. Mize, nilimwona. Nilimwona kama vile yuko upande wa pili wa dirisha. Amekonda. Ndevu zimemjaa mpaka shavuni, hakuna anayemwambia. Nyuma yake feni inazunguka, nikaisikia mpaka mlio wake. Nikafurahi nikaanza kumwaga maneno yote niliyoyaweka, ya Bi Chumu, ya masinia, nikatazamia atacheka. Hakucheka. Macho yake hayakuwa kwangu, yalikuwa yanapita kando ya kichwa changu. Hatukufika mbali. Akasema, "Mama Mkubwa, mtandao mbovu, ntapiga." Akakata.

Nikabaki na simu mkononi. Nikabonyeza kupima. Mshale ukapanda mpaka juu. Nikasema labda ni huko kwao. Lakini sauti yake haikudondosha hata herufi moja, na feni ile niliisikia mpaka alipokata.

Nilikasirika. Siwezi kukuficha. Nilikasirika na mwanao, kisha nikakasirika na wewe kwa kuniachia kitu nisichokiweza, kisha nikalia. Mtandao ulipokuwa mbovu kweli, nilikuwa na cha kulaumu. Sasa mtandao mzima, na kilichobaki ni mimi. Niliingia chumbani kwako, safari hii bila ya kuambiwa na mtu, nikaishika rauta, nikasimama nayo mbele ya kabati. Nilitaka kuirejesha kwenye masinia na kuifunika kanga, niendelee kudanganywa kwa sababu iliyo ya kweli. Mkono ulishakwenda. Sijui nini kilinizuia, labda ni uvivu tu wa kuufungua ule mlango unaokwaruza.

Nikairejesha dirishani, nikarudi barazani kwangu, nikampigia mimi. Si kawaida yangu kumpigia, huwa nangoja. Alipokea, akaniona, na kabla sijamaliza salamu akaanza, "Mama Mkubwa, mtandao..."

Nikamwambia, "Khalfan, mtandao mzima. Nimeutengeneza mwenyewe, na nimeupima. Kama umechoka kusema na mie, sema. Sitakuwekea kinyongo. Ntakuombea dua kwa mbali."

Akainamisha kichwa. Nilikuwa nauona utosi wake tu. Kisha akasema, kwa ile sauti aliyokuwa nayo alipokuwa akirudi skuli amepigwa na hataki kusema na nani, "Si weye, Mama Mkubwa. Ni huo mlango nyuma yako."

Nikageuka. Nyuma yangu palikuwa na mlango wa jiko lako.

"Kila nikikupigia natazama hapo," akasema. "Wewe unasema, mie nangojea apite. Siwezi kuacha kungojea. Halafu hapiti."

Mize, ilinijia palepale. Miaka yote ile mimi nimekaa mbele na simu, na wewe nyuma unapita. Unatoka jikoni na ungo, unarudi na ndoo, unatoka tena na mwiko, na kila ukipita unatupa neno lako bila ya kusimama. "Mwambie akate hizo nywele." "Mwambie nguo zilizokunjana hivyo hazikunjuki kwa kuvaliwa." Yeye akikuona kipande tu, mkono, upindo wa kanga. Kwake yeye huo ndio ulikuwa uso wako. Mimi nilikushikia maji ulipokoshwa. Nilikuona ukifunikwa. Nilipokwambia kwaheri nilijua namwambia nani. Yeye hakuona lolote katika hayo. Kwake yeye umo jikoni tu, na umechelewa kutoka.

Nikamwambia kweli nyengine, niliyokuwa siijui mpaka ilipotoka mdomoni, kwamba mimi pia nakaa pale nimeupa mgongo mlango ule kwa sababu nikiutazama siwezi kumeza chai. Nilidhani nakaa pale kwa ajili ya kufuata mtandao.

Hakukata.

Siku ya pili nilikihamisha kiti. Nimekiweka ukutani kwangu, mgongo umegusa ukuta, hapana mtu anayeweza kupita nyuma. Akapiga. Tukasema mpaka simu ikawa moto. Nilimsimulia ya masinia tena, na safari hii alicheka, kicheko kile chako cha puani. Akaniuliza kaburi lako liko upande gani wa makaburi, na nani aliliwekea mawe. Nikamwambia yote. Halafu akasema, "Mama Mkubwa, nipeleke jikoni."

Nikamuuliza kama ana uhakika. Akasema, "Nipeleke. Ufungue."

Nikainuka na simu, nimeielekeza mbele. Tukavuka ua pamoja, mimi nikimwambia angalia hapa pana kijiwe, kana kwamba atajikwaa. Mlango wa jiko lako ulikuwa umevimba kwa mvua, nikausukuma kwa bega. Nikamwonesha. Mafiga matatu, majivu yamekuwa magumu. Sufuria zimefudikizwa. Mbuzi ya kukunia imetundikwa palepale ulipoitundika. Makuti yametoboka upande mmoja na jua linaingia mpaka chini. Nikaigeuza simu taratibu, kona moja, kona ya pili, ili asije akabakiwa na mahali ambapo hakuangalia.

Hukuwemo. Akaona kwa macho yake kwamba hupo.

Hapo ndipo alipolia, Mize. Mpaka siku hiyo mtoto wako alikuwa hajalia. Nilimgeuzia simu, nikaishika mbele ya uso wangu, nikakaa juu ya kile kibao chako cha chini, nikamtazama akilia mwanzo mpaka mwisho. Picha haikuganda. Sikuweza kumfuta uso, lakini nilikuwepo, na yeye alikuwa ananiona.

Amesema atakuja akipata ruhusa kazini. Nitamfuata mpaka pale wanawake tunapoishia, hapo kwenye kona ya makaburi, mengine atamalizia mwenyewe. Makuti ya jiko nitayatia mapya kabla hajafika. Nakuahidi, na wewe unajua mimi si mtu wa kuahidi ovyo, kwamba maadamu nina pumzi mwanao hatakosa mtu wa kumpokea simu katika ua huu. Akitaka kucheka nitampa maneno. Akitaka kulia nitaishika simu imara. Nitamgombeza ndevu. Nitamtafutia mke, na nitamchunguza kwa macho yako, si yangu, maana yangu yana huruma mno.

Buriani, mwenzangu. Leo nimepika jikoni kwako.

Raya